Kipandauso cha Mkalimani Gatimu

Mume wangu hakurukwa na akili. Hakuwa mlevi, hakupokea hongo ya mtu, na hakuna siku hata moja aliyowasahau watoto wake. Nayaandika haya kwa sababu mwaka jana nilikwenda mazishini Naro Moru, nikakaa kwenye benchi na wanawake nisiowajua, na mmoja wao, binti mdogo tu, akasema huku akipuliza chai yake:

"Si mnajua yule mkalimani wa korti wa Nyeri? Yule kichwa ilimharibikia mpaka akasahau watoto wake?"

"Ati aliambia daktari hajui kama ako nao!" mwenzake akadakia.

Wakacheka. Nilimaliza chai yangu yote bila haraka, kisha nikamwambia binti yule jina langu. Alibaki ameshika kikombe kwa mikono miwili, hajui akiweke wapi. Sikumkasirikia sana. Uongo ule aliurithi, kama mtu anavyorithi koti la mjomba. Lakini waliolishona koti hilo walikuwa na akili zao timamu, na ni kwa ajili yao ninaandika.

Erastus Gatimu alisoma kadiri mtoto wa Kiafrika alivyoruhusiwa kusoma siku zile, akafanya ukarani Mombasa miaka kadhaa, akarudi nyumbani na Kiswahili ambacho watu wa hapa walikuja kukisikiliza tu, kama watu wanaokuja kuona gari jipya. Uhuru ulipopatikana akawa mkalimani wa mahakama. Tulipanga nyumba Skuta, mtaa wa Nyeri, mimi nikifundisha shule ya msingi, yeye akifuatana na hakimu kila mahali kesi zilipokuwa, Nyeri wiki hii, Kerugoya wiki ijayo.

Kazi ile aliifanya kwa namna yake. Wakalimani wengine humkata shahidi kila sentensi, kama mtu anayekata miwa. Gatimu hakumkatiza mzee. Alisema kwamba mzee ukimkatiza hukasirika, na mzee aliyekasirika hufupisha, na ukweli mara nyingi uko katika kile alichokifupisha. Basi alimwacha aseme mpaka apumzike mwenyewe. Alisimama kando yake, mikono nyuma, macho kwenye paji la uso wa yule mzee, akiyapokea maneno yote kichwani. Kisha alimgeukia hakimu na kuyatoa yote, kwa mpangilio uleule, pamoja na vicheko na matusi. Mama mmoja aliwahi kueleza ukoo mzima wa ng'ombe wake, bibi wa bibi yake ng'ombe, tangu siku za njaa. Gatimu alimrudisha ng'ombe yule kortini mzima, bila kukosa hata ukwato.

Kichwa kilimwanza kabla hatujaoana. Kwanza ulikuja mwanga. Aliona pembeni mwa jicho kitu kinachong'aa, chenye meno meno, kikitetemeka kama mabati mapya jua linapoyapiga mara tu baada ya mvua. Alikuwa akiniambia, "Mama Kabura, mabati yamekuja," nami nilijua tuna muda mfupi. Kisha maneno yalianza kumtoroka. Aliomba maji akayaita kiatu. Alijua amekosea, na hilo ndilo lililomuumiza. Alinitazama kama mtu aliyeangusha kitu kisimani na bado anakiona kikizama. Baada ya hapo ndipo maumivu yalipokuja, upande mmoja tu wa kichwa, na kutapika, na kuchukia mwanga hata wa kiberiti.

Nilitundika blanketi dirishani. Watoto walivua viatu bila kuambiwa. Jogoo alibebwa kwapani akapelekwa kwa jirani yetu Zuena, naye alimpokea kama mgeni wa kawaida, "Karibu tena, bwana." Niliketi kitandani na kichwa chake mapajani mwangu, nikabadilisha kitambaa cha maji baridi kila kilipopata joto. Hakupenda niseme kitu. Alipenda tu vidole vyangu viwe nyuma ya sikio, mahali pamoja, bila kusogea. Mikono yangu ilikufa ganzi mara nyingi katika ndoa ile, na kama ingewezekana ingekufa ganzi tena leo.

Zuena ndiye aliyetupa jina la ugonjwa. Mama yake alikuwa mtu wa pwani, na yeye mwenyewe aliolewa na Abdulatif, muuza viungo wa mjini. Alipomsikia Gatimu akitapika alisema mlangoni, "Mama Kabura, hicho ni kipandauso. Mama yangu alikuwa nacho mpaka alipozeeka. Msimtafutie mganga, na msimwache mtu amwambie ni pepo."

"Mama yako kilimharibu akili?" nilimuuliza.

"Kumharibu? Alikuwa akinidai pete niliyopoteza nikiwa mtoto, mpaka siku anakufa!"

Nilicheka, lakini swali lile halikuwa langu, lilikuwa la Gatimu. Hilo ndilo aliloliogopa kuliko maumivu yenyewe. Kwa siku moja au mbili baada ya kichwa kupoa alikuwa kama mtu aliyeshuka kwenye safari ndefu. Ukimuuliza jambo, jibu lilikuja, lakini lilichelewa. Aliogopa kwamba kila mara kichwa kinapompanda kinaondoka na kitu kidogo, na kwamba siku moja atasimama kortini atafute neno na asilipate tena maisha yake yote. Hakuniambia. Nilijua kwa sababu nilimsikia. Asubuhi ya kupona, akidhani niko jikoni, alijipima. Alitaja watoto wetu, mmoja mmoja, kwa mfuatano wa kuzaliwa. Kabura, jina la mama yake. Gathoni, jina la mama yangu. Muriithi, jina la baba yake. Aliendelea hivyo mpaka kwa yule tuliyemzika, akamtaja naye, akaendelea mpaka wa mwisho. Hakukosea hata siku moja. Mimi nilisimama nje ya mlango na sufuria mkononi, nikimfuata kimyakimya kwa midomo.

Sasa nieleze siku yenyewe.

Ilikuwa mwaka wa sabini, kikao cha Kerugoya, kesi ya shamba kati ya ndugu wawili. Hakimu alikuwa Bwana Peterson Theuri, mtu mkali lakini mwenye masikio. Shahidi alikuwa Mzee Wamae, ambaye ndiye pekee aliyebaki hai kati ya wale walioona mpaka ukiwekwa. Mzee aliapa, akaanza kusema. Alisema kwa muda mrefu sana, hakimu akifuta miwani, karani akisubiri na kalamu yake, maana Gatimu bado hajatafsiri hata neno moja. Alipomaliza, hakimu akasema kama sheria inavyotaka:

"Mkalimani, shahidi amesema nini?"

Gatimu alifungua mdomo. Baadaye aliniambia kwamba mabati yalikuwa yamekuja wakati mzee anakaribia mwisho, akajitahidi kuyapuuza. Alisema, "Amesema kwamba blanketi, blanketi la ndugu hawa wawili, lilipandwa..." Akasimama. Akajaribu tena. Likatoka blanketi tena.

Korti ikacheka. Mmoja wa wale ndugu akaruka juu, "Mheshimiwa, huyu amelewa!" Na yule mwingine, "Hajalewa, amelishwa! Amepewa kitu na ndugu yangu anyamaze!"

Ni Mzee Wamae peke yake ambaye hakucheka. Alimshika Gatimu kiwiko akamkalisha. "Nyamazeni," alisema. "Hamuoni mwanaume ni mgonjwa?"

Hakimu aliahirisha kesi. Siku mbili baadaye, kwa amri ya ofisi, Gatimu alipelekwa kupimwa katika hospitali ambayo sitaitaja. Nilikwenda naye. Bado alikuwa katika ule uzito wa baadaye, na daktari alikuwa kijana mgeni, mtu mwema nadhani, mwenye haraka. Akamuuliza tarehe, Gatimu akaitaja, polepole. Akampa hesabu za kutoa na kujumlisha, akazifanya, polepole. Kisha daktari akatabasamu, akadhani anauliza jambo jepesi la kumpumzisha mgonjwa.

"Una watoto wangapi?"

"Wapo," alisema Gatimu.

"Ndiyo, lakini ni wangapi?"

"Mungu ametupa wa kututosha, daktari."

Kijana akaacha kutabasamu. Akataja namba mbili, achague mojawapo, na moja kati ya hizo ni namba ambayo watu wetu hawaiweki juu ya kitu wanachokipenda. Gatimu akatazama sakafu. Daktari akanigeukia mimi.

"Mama, nisaidie. Ni wangapi?"

Nami nilinyamaza.

Kuna watakaouliza kwa nini, mwanamke mwenye cheti cha ualimu. Nitawajibu. Kwetu mtu hahesabu watoto wake, hasemi ni hawa kadha wa kadha, kama anayemwita aliye gizani aje kuchagua. Mbuzi wenyewe hatukuwahesabu kwa kidole. Tulisoma sote wawili, tulibatizwa, tulikunywa chai na wazungu mezani, lakini tulikuwa na kaburi dogo nyumbani, na ukitaja hesabu lazima uamue kama yule aliyelala humo umtie au umtoe. Hakuna cheti kinachomfundisha mama kufanya hesabu hiyo mbele ya mgeni. Sikujibu, na leo ningeulizwa hivyohivyo nisingejibu.

Daktari akaandika kwamba kumbukumbu za mgonjwa zimeharibika kiasi cha kutojua idadi ya watoto wake, na kwamba mke naye anaelekea kumficha. Akashauri mkalimani astaafishwe.

Maneno hayo yalifika sokoni kabla yetu. Wakonyo, mwenzangu wa kwaya, alinishika mkono nje ya kanisa akaniuliza kwa sauti ya msiba, "Pole, Mama Kabura. Nasikia hawezi kukujua tena?"

"Ananijua," nilimwambia. "Anasema ni wewe asiyekujua."

Hilo halikumfurahisha, na maneno yakazidi.

Gatimu alikaa nyumbani akingoja barua ya kustaafu. Alipalilia sukuma wiki zetu mpaka udongo ukalainika kama unga. Mshahara wangu ulitutosha. Si hilo lililomla. Jioni moja, watoto wakiwa nje, aliniuliza, "Mama Kabura, niambie kweli. Unaona nimepungua?"

"Umepungua kitambi."

"Usinifanyie mzaha."

"Basi nikwambie. Ukiumwa, unapotea kidogo. Ukipona, unarudi mzima. Nimekuwa nikiangalia miaka hii yote, na mimi ni mwalimu, kazi yangu ni kuona nani amesahau nini."

Aliendelea kukwangua tope kwenye jembe. Nikajua hajaniamini, kwa sababu mke anapendelea, na alihitaji mtu asiyempendelea.

Mtu huyo alikuwa Mzee Wamae.

Kesi ilirudi Kerugoya miezi michache baadaye, na mkalimani mwingine, kijana nadhifu mwenye tai. Mzee akaitwa, akasimama, akaambiwa aape, kisha arudie ushahidi wake. Akakataa.

"Niliapa," alisema. "Maneno yangu nilishayatoa."

Kijana akatafsiri. Hakimu akaeleza kwa upole kwamba maneno yale hayakuandikwa.

"Najua hayakuandikwa. Nilimpa yule mwanaume aliyekuwa hapa. Anayo. Mtu hasemi mambo ya mpaka mara mbili; ya pili huwa ya uongo, anaongeza anachoona kimependwa. Mleteni huyo niliyempa."

"Mzee, huyo ni mgonjwa," akasema kijana wa tai. "Kichwa yake ilipoteza kila kitu."

"Ulikuwa ndani ya hicho kichwa?" mzee akamuuliza.

Bwana Theuri angeweza kumfunga kwa kudharau mahakama. Lakini alikuwa mtu wetu, alijua kiapo cha mpaka ni kitu gani, na bila mzee yule kesi haikuwa na miguu. Akatuma mtu Skuta.

Nilimpigia Gatimu pasi shati jeupe. Vifungo vilimshinda, nikavifunga mimi. Akasema, "Na kama hayapo?" Nikamwambia tutajua wote wawili, kwa sababu nakwenda naye. Shule ilikuwa imefungwa, na hata kama isingefungwa ningekwenda.

Korti ilijaa mpaka madirishani. Watu walikuja kumwona mwendawazimu. Gatimu alisimama mahali pake pa zamani, kando ya mzee, mikono nyuma. Hakimu akamwambia aseme alichokisikia siku ile, na kwamba mzee, akiwa bado chini ya kiapo, atasema kama ndivyo au sivyo. Kijana wa tai akaambiwa amtafsirie mzee yule kila neno la Gatimu, ili asikosee mtu.

Nilihesabu, hapo sioni aibu kusema nilihesabu, pumzi zangu mwenyewe.

Kisha akaanza. Alianza pale mzee alipoanza, na ile asubuhi ya baridi ambapo baba wa wale ndugu alikuja kumwamsha. Akataja wazee waliokwenda nao, kila mmoja na mtoto wa nani. Akasema walivyoshuka mpaka kijito, nani alibeba miche ya yale maua yanayopandwa mpakani, na wapi mvua iliwakatiza. Akasema kwamba mpaka ulipinda kuukwepa mti wa mgumo, mti mtakatifu kwa watu wetu, kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa mtu wa kuukata. Alisema kwa sauti ileile niliyoisikia mlangoni asubuhi za kupona, ya mtu anayepita chumba baada ya chumba ndani ya nyumba yake na kukuta kila kitu mahali pake. Karani aliandika mpaka akabadilisha mkono. Wale ndugu wawili waliacha kutazamana kwa ubaya, wakabaki kumtazama yeye.

Alipomaliza, hakimu akamuuliza mzee, "Ndivyo ulivyosema?"

Mzee Wamae aliinamisha kichwa, akafikiri sana. Nilikaribia kuinuka.

"Amesahau kitu kimoja," alisema.

Korti nzima ikavuta pumzi.

"Nilipofika kwa ule mgumo nilikohoa. Yeye hakukohoa."

Watu walicheka mpaka askari wa mlangoni akalazimika kuwanyamazisha, naye mwenyewe anacheka. Hakimu alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na kitu. Kisha akasema korti imeridhika na mkalimani wake.

Alirudishwa kazini. Bwana Theuri alimpeleka kwa daktari mwingine, mzee wa siku nyingi, ambaye alimpima mara mbili, siku ya uzito na siku ya uzima, jambo ambalo yule wa kwanza hakulifikiria. Akatuambia kwamba kipandauso humchelewesha mtu kufikiri kinapompanda na muda mfupi baadaye, hata kumnyima maneno, lakini mambo yakipoa maneno hurudi, na hakuona chochote kilichoharibika. Alipoelezwa habari ya watoto alitikisa kichwa. "Angeuliza majina," alisema.

Tangu siku hiyo mabati yakija kortini, Gatimu aliweka kalamu mezani, na hakimu akatangaza mapumziko ya chai. Watu walifikiri hakimu anapenda chai sana. Aliendelea hivyo mpaka alipostaafu kwa umri, kwa heshima, akazikwa mwaka wa themanini na nne baada ya mapafu kumshinda. Kichwa chake kilikuwa kizima mpaka mwisho. Vipandauso vyenyewe vilipungua uzeeni, kama Zuena alivyosema vilimpungukia mama yake.

Siku ile ya Kerugoya tulirudi nyumbani jua bado liko juu. Watoto walikuwa hawajarudi kutoka kwa Zuena. Alikaa kwenye kigoda cha jikoni na shati lake jeupe, nikamwekea uji, akakishika kikombe bila kunywa, akaniambia jambo. Kabura ameniuliza mara nyingi ni jambo gani. Warigia, kifungua mimba wake, ameniuliza pia, akinibembeleza kwa peremende. Mchungaji aliniuliza alipokuwa akiandaa mahubiri ya mazishi, akidhani lingefaa mimbarani.

Nimeeleza yaliyowahusu watu, kwa sababu watu walisema uongo. Hilo halikuwahusu. Aliniambia mimi. Sisemi.